Sanamu Ndiyo Inenepe

Msibani jirani mmoja alisema, "Angejitahidi kupungua, leo tungekuwa naye." Alisema kwa sauti ya chini, ila masikio yangu bado yanafanya kazi. Wenzake wakaguna kukubali. Mimi nilinyamaza. Nyumba ilijaa watu, na kaburi lilikuwa bado bichi.

Sasa limekauka. Nasema.

Mke wangu ameondoka na homa ya mapafu, akiwa bibi mwenye wajukuu, akiwa bado anaweza kuinua kochi upande mmoja nami nikashika upande wa pili. Unene haukumuua. Unene ulimletea ugomvi mmoja mkubwa, ukubwani, wakati hedhi ilipomkoma. Ugomvi ule alishinda. Siku aliposhinda, jirani hakuwepo. Mimi nilikuwepo, tena na sindano mkononi.

Alikuwa mkataji katika kiwanda kidogo cha sare. Watu wakisikia hivyo husema, "Ah, mshonaji." Hapana. Washonaji walikuwa wengi, wamekaa kwa mistari, kila mmoja na cherehani yake. Mkataji alikuwa mmoja. Yeye ndiye aliyetandaza kitambaa kwenye meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, akapanga juu yake makaratasi ya vipimo, akachora kwa chaki, akakata. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea nguo imekufa, tena si moja, ni rundo zima. Ndiyo maana meza ile ilikuwa na heshima yake. Mke wangu walimwita Mama Mkasi, na mpaka leo wapo watu hapa mtaani wanaodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Meza ile ndiyo waliyotaka kumnyang'anya. Ila nianze na sanamu.

Kiwandani kulikuwa na sanamu ya kupimishia nguo za kike. Kiwiliwili tu, bila kichwa wala mikono, kimesimama juu ya mguu wa kiti cha ofisi. Niliitengeneza mimi. Kazi yangu ni makochi. Mzee mwenye kiwanda aliniita zamani hizo, nikiwa kijana, sanamu yake ya dukani ilipopasuka. Akasema, "Wewe unajua kujaza vitu. Nijazie mwanamke." Nikamwambia siwezi kumjaza mwanamke nisiyemwona. Akaangaza macho kwenye mistari ya cherehani, akamwita binti mmoja.

"Huyu si mnene, si mwembamba. Mpime huyu."

Ndivyo nilivyomjua mke wangu.

Alivaa gauni kuukuu. Nikamzungushia vipande vya gunia vilivyolowekwa kwenye gundi ya unga, kutoka shingoni mpaka chini ya nyonga, wenzake wakiangalia na kucheka. Ilibidi asimame hivyo, mikono juu, mpaka gunia likauke.

"Usitikisike," nikamwambia.

"Linawasha."

"Vumilia. Na usipumue kwa nguvu."

"Nisipopumua si utakuwa umemshonea marehemu?"

Nililipasua gunia mgongoni, nikamtoa. Umbo lake likabaki. Nikalishona, nikalijaza sufi, nikalikandamiza mpaka likawa gumu kama kochi jipya. Kiuno kilikuwa cha kushika kwa viganja viwili. Mzee alifurahi. Kesho yake nikarudi kuangalia kama gundi imeshika. Keshokutwa nikarudi tena. Gundi ilikuwa imeshika zamani.

Tukaoana.

Tangu hapo kila sare ya kike iliyotoka pale ilianzia kwenye sanamu ile. Saizi ya kati ilikuwa mwili wake. Ndogo na kubwa zilihesabiwa kutoka hapo. Na yule mzee alikuwa na sheria yake. Sare mpya haikatwi kwa wingi mpaka sanamu iivae kwanza, halafu mkataji mwenyewe aivae, mbele ya watu, afunge zipu. "Sanamu haikai wala haiinami," alisema. "Avae mtu."

Mke wangu alipopewa meza ya kukatia, mambo yakawa rahisi. Sanamu ni yeye, mkataji ni yeye. Zipu ilipanda miaka nenda miaka rudi. Washonaji wakawa wanaiita sanamu "mdogo wako".

"Mama Mkasi, mdogo wako ameamkaje?"

"Mzima. Hana kichwa tu, kama mumeo."

Halafu mwili ukabadilika.

Hedhi ilianza kuruka miezi, mwisho ikakoma. Joto likawa linampanda akiwa mezani, ghafla tu, kutoka kifuani mpaka usoni, jasho linadondokea chaki. Usingizi ukawa wa vipande vipande. Na kiuno kikaondoka. Hakuwa anakula zaidi ya zamani, mimi ndiye niliyekula naye, najua. Sahani ileile, chakula kilekile, ila sasa kilikuwa na mahali pake pa kwenda. Tumboni.

Mimi niliona mapema, sikuona kasoro. Nilimwambia kochi zuri halina kiuno. Akanirushia kandambili.

Yule mzee wa kiwanda alikuwa amekwisha kufa. Kiwanda kilikuwa cha binti yake. Huyo tulimwita Bosi. Alikuwa rika moja na mke wangu, wamekulia pale pamoja, mmoja ofisini, mmoja kwenye cherehani. Mwanamke mkavu, mkanda kiunoni siku zote. Ofisini kwake feni haikuzimwa hata wakati wa baridi.

Ikafika siku ya kujaribisha sare za wahudumu wa benki. Sanamu ikavaa, ikapendeza. Mke wangu akaingia nyuma ya pazia. Akakawia. Alipotoka, zipu ilikuwa imegoma katikati ya mgongo.

"Vuta tumbo," mmoja akamwambia.

"Nimevuta."

"Vuta lote basi, umeacha la nani?"

Akavuta. Zipu ikapanda kidogo, ikapasuka. Cherehani zote zikanyamaza, kisha kicheko kikatoka upande wa nyuma. Bosi hakucheka. Afadhali angecheka.

"Sheria ya baba unaijua," alisema. "Mwezi ujao watu wa hospitali wanakuja kuangalia sare zao. Hatujawahi kupata kazi kubwa kama ile. Siku hiyo mkataji atatoka nyuma ya pazia hili na zipu imepanda. Ukipungua, mkataji ni wewe. Usipopungua, meza anachukua Binti wa Vifungo."

Binti wa Vifungo alikuwa msichana mwembamba aliyeshona vifungo na alikuwa ameanza kujifunza kukata. Akainamisha uso. "Mimi sijaomba, mama," akasema.

"Na mimi nitakuwa wapi?" mke wangu akauliza.

"Kwenye vifungo."

Alinisimulia jioni ile akiwa amesimama. Hakutaka kukaa. Akasema, "Nitapungua. Watanitambua."

Akaanza kujinyima. Asubuhi chai kavu, mchana maji, jioni anasukuma sahani kuelekea kwangu. Jirani akamletea majani ya kuchemsha, eti yanayeyusha tumbo. Ndiye huyohuyo wa msibani. Tumbo halikuyeyuka, lilikimbia tu, na mke wangu akakimbia nalo chooni. Nyumbani tukawa tunazungumza kwa kufunga milango. Mimi wa jikoni, yeye wa chumbani.

Nikamwambia, "Mama, unajiua."

"Baba watoto, wewe ulishawahi kunyang'anywa nyundo?"



Halafu likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea mezani kwake. Mikono ya nguo ni miwili, kulia na kushoto. Anayekata rundo lazima ageuze karatasi ili apate na wa upande wa pili. Kila mkataji analijua hilo kabla hajajua kushika mkasi. Siku ile, kwa njaa, hakugeuza. Alikata rundo lote. Washonaji wakaunganisha mikono ya kushoto, wakanyoosha mkono kuchukua ya kulia. Hakuna. Iliyopo yote ya kushoto.

"Mama Mkasi," mmoja akaita, "hizi ni za watu wa wapi, wenye kushoto mbili?"

Akaja, akaangalia. Akakaa sakafuni polepole, mkasi mkononi, akashindwa kuinuka. Binti wa Vifungo ndiye aliyempa mkate wake akala, ndiye aliyetuma niitwe.

Nikampeleka hospitali.

Tulipokewa na muuguzi wa makamo, mchangamfu, mfupi. Akampima uzito, akampima presha, akampima sukari. Sukari ilikuwa nzuri. Presha ilikuwa imeanza kunyanyua kichwa.

"Unakula nini, dada?"

"Sili."

"Ndiyo maana umeletwa umeshikwa mkono. Hedhi imekoma?"

"Imekoma."

"Sasa sikiliza. Hedhi ikikoma mafuta yanahamia tumboni, na nyama ngumu, ile ya nguvu, inapungua. Ukijinyima chakula, ya nguvu ndiyo inazidi kwenda. Utakonda mikono, tumbo litakutazama tu. Kula. Maharage, mayai, samaki, mboga nyingi. Sukari na vya mafuta mengi punguza. Tembea. Nyanyua vitu vizito. Na ulale."

"Nitapungua?"

"Kidogo, kwa subira. Presha ndiyo naitaka ishuke. Nguvu zirudi."

"Kiuno kitarudi?"

"Kiuno cha lini?"

"Cha usichana."

Muuguzi akacheka mpaka akashika meza. "Dada yangu, hata mimi changu nakitafuta. Ukikiona cha kwako, kiulize kama hakiko na changu."

Akageuka kuchukua vidonge vya kuongeza damu. Hapo mke wangu akaona. Ubavuni mwa sare ya muuguzi mshono ulikuwa umefumuliwa, na palipofumuliwa pameshikwa kwa pini. Pini juu ya pini, kutoka kwapani mpaka kiunoni.

"Hiyo sare nani amekuharibia?"

"Haijaharibiwa. Ndivyo zinavyokuja. Wodi nzima tunatembea na pini. Ukichukua saizi kubwa, mabega yanadondoka na kiuno bado kinabana. Ukiinama kumwinua mgonjwa, zipu inaachia. Tumeshazoea."

"Niliikata mimi," mke wangu akasema.

Muuguzi akamtazama. Hakuwa na hasira. "Uliikata ukimfikiria nani?" akamwuliza.

Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Nilimjua. Akinyamaza hivyo, anakata.

Akaanza kula. Alikula mayai, akala maharage, mboga akajaza sahani. Chai akainywa na sukari ya kuchungulia tu. Majani ya jirani akamwagia maua. Asubuhi akaenda kazini kwa miguu. Kiwandani, majora ya kitambaa yalikuwa yanapandishwa ghorofani na mpagazi. Akaanza kuyabeba yeye, moja moja begani.

"Mama, hii ni kazi yangu," mpagazi akalalamika.

"Sikunyang'anyi. Nimeiazima."

"Na nisipopewa mshahara?"

"Utaazima mkasi."

Watu wakamcheka ngazini. Hakujali. Mikono ikakaza, mgongo ukanyooka, usingizi ukarudi kwa mafungu. Presha ikashuka. Magauni yakalegea kidogo kifuani. Mimi niliona mtu anawaka taa ndani.

Ila kiuno cha sanamu, hapana. Alizungusha futi kwenye sanamu, akalizungusha kwake. Palibaki pengo la zaidi ya kiganja. Watu wa hospitali walikuwa wanakuja Jumatatu.

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye karakana yangu mbele ya nyumba, napigilia kitambaa cha kochi. Nikasikia mtaa umechangamka. Natoa kichwa, namwona mke wangu anakuja katikati ya barabara na sanamu begani. Jasho linamtiririka, kichwa kiko juu.

"Mama Mkasi, umembeba nani?" muuza mkaa akapaza sauti.

"Nimejibeba mwenyewe!"

"Mbona huyo mwembamba?"

"Ndiyo maana nampeleka nyumbani!"

Jirani alikuwa mlangoni kwake, amekunja mikono. "Jamani, si ungeyanywa tu yale majani? Sasa unaiba na mali za watu?"

"Majani nimeyapa maua yangu," mke wangu akamjibu bila kusimama. "Yamekonda vizuri sana. Njoo uyaone."

Akaingia, akaisimamisha sanamu mbele yangu.

"Bosi anajua?" nikauliza.

"Nimemwambia nampeleka kwa fundi. Akauliza ana nini. Nikamwambia amekonda. Akadhani natania."

"Unataka nini?"

"Mnenepeshe."

Nikaweka nyundo chini.

"Mimi nimefanya nilichoambiwa na yule muuguzi," akasema, "na nitaendelea kufanya, kwa ajili ya moyo wangu. Lakini kwa ajili ya huyu, basi. Nimemaliza. Sanamu ndiyo inenepe."

"Hii ni sanamu ya mzee wa watu. Miaka yote wameshonea hii."

"Miaka yote wameshonea uongo." Akakaa kwenye kochi nililokuwa nalifunika, akafuta uso. "Siku ile unanifunga magunia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimebana tumbo."

"Lini?"

"Muda wote. Mpaka gunia likakauka. Kijana mgeni ananizungushia mikono kiunoni, ulitaka nilegeze? Nilibana pumzi nikaona nyota. Kiuno kile hakikuwa changu hata siku ile, mzee wangu. Na kila nguo niliyojaribisha tangu hapo, nimeingia nyuma ya pazia nikabana pumzi, nikatoka, wakapiga makofi, nikarudi kupumua. Wauguzi, walimu, wahudumu, wote nimewakatia nguo za mtu aliyebana pumzi. Halafu wananunua pini."

Nilicheka. Nikashindwa kuacha. Alinitazama kwa hasira, halafu akaanza na yeye, tukacheka mpaka springi za kochi zikalia.

"Ulinibania mimi?" nikauliza.

"Usijisifu. Simama, ufanye kazi."

Akavaa gauni kuukuu, akasimama katikati ya karakana, mikono juu, kama zamani. Nikamzungushia futi.

"Pumua," nikamwambia.

"Napumua."

"Pumua kwa nguvu. Inama. Kaa. Inuka."

Akafanya yote. Nikachukua sponji, ile ngumu ya viti, si ile laini ya mito. Nikaikata kwa kisu kirefu, nikaipunguza pembeni ili isiache ngazi. Tumbo kwanza, halafu mbavu, halafu mgongo chini ya mabega, pale ambapo watu husahau. Nikaifunika kwa kitambaa cha kochi. Kwa sindano ndefu nikapitisha uzi mpaka kwenye gunia la zamani, nikakaza. Nilikuwa nampima yeye, nashona sanamu, nampima yeye tena. Muda wote nilikuwa natabasamu kama mjinga.

Jumapili akapima sanamu, akakata makaratasi mapya ya kiuno na mbavu, mabega akayaacha. Akakata sare moja, akaishona mwenyewe kwenye cherehani ya nyumbani.

Jumatatu asubuhi tukaenda wote. Sanamu ilikuwa nzito sasa, tukaibeba kwa zamu. Tulipoisimamisha nikaona mshono mmoja ubavuni umeachia njiani. Nilikuwa nimepiga magoti naufunga, Bosi akaingia.

Akasimama. "Huyu ni nani?"

"Mdogo wangu," mke wangu akasema. "Amekuwa mtu mzima."

Washonaji wakainamisha vichwa kwenye cherehani. Hakuna aliyekanyaga pedali.

"Umeharibu sanamu ya baba yangu."

"Iko humo ndani, nzima. Nimeiongezea tu miaka."

"Nilikuambia upungue!"

"Kimepungua kilichotakiwa kupungua. Kilichobaki ni mimi."

Bosi uso ulimwiva, jasho likamtoka juu ya mdomo. Akajipepea kwa mkono. "Wageni wako ngazini," akasema kwa sauti ya kubanwa. "Binti wa Vifungo! Vaa ile sare ya kipimo cha zamani, uingie nyuma ya pazia. Wewe ndiye mkataji leo."

Binti akasimama. Nilimwonea huruma. Meza ile alikuwa anaitaka, nani asingeitaka? Akasema, "Bosi, mkataji ni aliyekata. Mimi sijakata kitu." Akakaa.

Wageni wakaingia. Mkuu wa wauguzi mbele, mwanamke mpana mwenye miwani. Nyuma yake wengine, na kati yao yule muuguzi wa pini.

Mke wangu hakumngoja mtu. Alichukua sare yake, akaingia nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa bado chini na sindano. Kama zipu ingegoma, angetoka pale kwenda kwenye vifungo, mbele ya watu wote, na kicheko cha upande wa nyuma kingemfuata mpaka kaburini.

Pazia likafunguka. Zipu ilikuwa juu, imefika shingoni.

Hakusimama kama zamani, mikono imebanwa ubavuni kama askari. Alitembea. Akainama akagusa vidole vya miguu, karibu avifikie. Akachuchumaa, akainuka. Halafu akaenda kwenye rafu, akainua jora zima la kitambaa mikononi, kama unavyomwinua mgonjwa kitandani, akalizungusha, akaliweka juu ya meza. Na muda wote huo alikuwa anaongea, kusudi, ili waone anapumua.

"Hapa kwapani nimeacha nafasi ya kunyoosha mkono. Hapa tumboni pa kukalia. Hii si saizi kubwa, mabega yake ni ya kati. Hii ni saizi ya mwanamke aliyefika umri wetu."

Mkuu wa wauguzi akasogea, akapitisha kidole kiunoni mwa sare. Akauliza, "Ina mifuko?"

"Miwili. Mirefu."

Akaguna. Kwa mkuu kama yule, guno lile lilitosha.

Yule muuguzi akasema, "Samahani, naomba niijaribu."

Wakaingia wote wawili nyuma ya pazia. Akatoka muuguzi amevaa sare mpya, na ile yake ya zamani mkononi. Akasimama kwenye meza ya kukatia, akaanza kuchomoa pini za sare ya zamani. Anachomoa, anaweka mezani. Anachomoa, anaweka. Mlio wake mdogo ulisikika chumba kizima.

"Hizi sizihitaji tena," akasema. "Mtupatie kama hii, wodi nzima."

Bosi alijibu mambo ya tarehe na idadi, akawasindikiza mpaka chini. Aliporudi hakumtazama mtu. Alikwenda mbele ya sanamu. Akaibonyeza tumbo kwa kidole, kama mtu anayenunua godoro.

"Ile ya majaribio iko wapi?" akauliza.

Mke wangu akampa.

Bosi akaingia nayo ofisini, akafunga mlango. Tulimsikia anafungua mkanda, ukagonga sakafu. Kisha kimya, feni tu inavuma. Kisha tukasikia zipu. Ilipanda moja kwa moja mpaka mwisho.

Habari za kuhama meza hazikutajwa tena. Msamaha hakuomba, na mke wangu hakuudai. Ila tangu mwezi ule kulikuwa na feni ya pili, imewekwa kwenye meza ya kukatia.

Mke wangu alikata pale mpaka macho yalipochoka. Mkasi alimkabidhi Binti wa Vifungo mwenyewe, kwa hiari yake, na kumwambia, "Ukianza kunenepa, usiogope. Mzee wangu ana sponji." Majora alibeba mpaka siku ya mwisho.

Baada ya msiba Bosi alikuja. Amezeeka, anatembea na fimbo, mtu wa kumshika mkono hataki. Kiwanda wanakiuza. Aliniletea sanamu kwenye gari, pamoja na ile sare ya majaribio. Hatukuongea sana. Alisema, "Ni yako. Ilikuwa yako siku zote." Akakaa kidogo kwenye kochi, akaondoka.

Binti yangu aliikagua. Kitambaa kimefifia, sponji imelegea kidogo upande mmoja. Akasema, "Baba, tuivue hii ya juu. Tubaki na mama akiwa msichana. Alikuwa na kiuno kizuri."

"Hapana."

"Ni kumbukumbu tu, baba."

"Msichana yumo humo ndani," nikamwambia. "Amebana pumzi. Mama yako ni huyu wa nje."

Nimekaza mshono ulioachia. Macho hayaoni tundu la sindano vizuri, mjukuu ndiye aliyenitilia uzi. Nikaivalisha ile sare ya kwanza ya hospitali. Zipu imepanda.

Nimeisimamisha dirishani, upande wa mlango wa jirani. Kila akitoka, wanaonana.